Shahada ya Uhifadhi kwa Fedha Uliyonayo: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Wazazi, walimu, na ninyi vijana mnaosubiri dirisha la udahili lifunguliwe, karibuni. Swali lililotuleta hapa ni moja: shahada nzuri ya uhifadhi inapatikana wapi kwa fedha ambayo familia ya kawaida ya Tanzania inaweza kuitoa? Niseme mapema ninaposimama. Ada iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo haikwambii bei ya shahada, na ukubwa wa jina la chuo haukwambii ubora wake. Vyote viwili utaviona mahali pamoja, nako ni fildi: mwanafunzi anapelekwa porini siku ngapi kwa mwaka, anashika nini akifika huko, na gari linalipiwa na nani.

Tuanze kwa kutenganisha kozi, maana kijana anasema "nataka mazingira" na mzazi anaitikia bila kuuliza mazingira yapi. Anayetaka wanyamapori ataangalia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu 1963. Anayetaka misitu, Sokoine ndiyo njia iliyozoeleka. Sayansi na usimamizi wa mazingira ipo Sokoine na ipo Chuo Kikuu Ardhi, na Ardhi wana pia uhandisi wa mazingira, ambao ni kazi nyingine kabisa: majitaka, taka ngumu, mitambo. Aliye kazini na hawezi kuhama ataangalia Chuo Kikuu Huria, chenye vituo mikoani.

Mweka wako chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na shahada yao inahesabika kuwa ngazi ya 8 ya tuzo za taifa za ufundi. Ni shahada kamili. Msimpotoshe kijana kwa kumwambia kwamba chuo kisicho na neno "kikuu" hakitoi shahada.

Kabla hamjapenda jina la kozi, fungueni tangazo lolote la ajira la TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori), TFS (misitu), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro au NEMC (mazingira) kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Someni sehemu ya sifa za mwombaji neno kwa neno. Tangazo hutaja shahada kwa majina: usimamizi wa wanyamapori, misitu, ikolojia, sayansi ya mazingira, kisha "au sifa zinazolingana". Kozi yako ikitajwa kwa jina, uko salama. Ikibidi utegemee hayo maneno ya mwisho, kila mara itakubidi ubishane na karani wa kuchambua maombi ambaye hutamwona kamwe. Mkiwa mmefungua tangazo hilo hilo, angalieni na umri. Taasisi za uhifadhi siku hizi zinaendeshwa kwa mfumo wa kijeshi, na nafasi za askari wa uhifadhi mara nyingi huwekewa ukomo wa umri. Aliyechelewa shule ajue hilo mapema, aelekee upande wa mazingira au utafiti.

Sasa bei. Nitachukua mfano wa kubuni, hesabu tu. Programu ya kwanza ina ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, ya pili 1,500,000, na zote ni za miaka 3. Kwa macho, ya kwanza ina nafuu ya 900,000. Lakini chuo cha kwanza hakina msitu wala basi, hivyo kila safari ya mafunzo mwanafunzi anachangia nauli, chakula na pa kulala. Tukadirie siku 15 kwa mwaka kwa 30,000 kwa siku. Hiyo ni 450,000 kwa mwaka, na kwa miaka 3 ni 1,350,000. Ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali kwa 450,000. Hapo hatujagusa michango midogo: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya udhibiti ubora ambayo ni 20,000 kwa mwaka, na bima ya afya. Wala hatujagusa geto, maana hosteli hazitoshi karibu kila mahali, na kupanga chumba Dar es Salaam si sawa na kupanga Morogoro.

Lakini michango ya fildi si baya kuliko yote. Baya zaidi ni chuo kisichokudai hata senti, kikapunguza siku. Fildi ya wiki mbili inakuwa siku nne, siku nne zinakuwa ziara ya asubuhi na picha ya pamoja getini mwa hifadhi. Ada imebaki ile ile, na hakuna mzazi anayelalamika kwa sababu hakuna aliyeombwa mchango.

Niwaonyeshe kinachopotea hapo. Mwanafunzi wa misitu anatakiwa kuweka ploti (kipande kinachopimwa kuwakilisha msitu mzima) ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15, ambayo ni kama mita za mraba 707. Darasani ni rahisi: unavuta utepe, unazunguka. Msituni kuna mteremko. Mita 15 zinazotakiwa ni za mlalo, si za kufuata ardhi. Mteremko ukiwa wa asilimia 30, utepe uliolazwa juu ya ardhi kuelekea juu au chini lazima ufike mita 15.66. Ukiuachia 15, na ukafanya hivyo kila upande, ploti yako imepungua kwa karibu asilimia 4, na upungufu huo unaingia kwenye hesabu ya ujazo wa miti ya msitu mzima. Kisha unapima kipenyo cha mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Chini ya wapi, kama mti umesimama kwenye kilima? Unasimama upande wa juu wa mteremko. Na mti wenye mizizi mipana iliyopanda shinani unapimwa juu ya pale mizizi inapoishia, la sivyo utaandika jitu ambalo halipo. Mambo haya hayakai kichwani kwa kuangalia slaidi. Yanakaa baada ya mtu kuyakosea mara kadhaa mkufunzi akiwa pembeni. Wanafunzi 5 kwa klinomita moja, kifaa cha kupimia mteremko, kila mmoja atapima. Wakiwa 30 kwa klinomita moja, wawili watapima na 28 watanakili.

Kwa hiyo ukipiga simu chuoni usiulize "mna kozi nzuri?" Nani atakujibu hapana? Uliza fildi ni siku ngapi mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Uliza gharama imo ndani ya ada au inachangwa pembeni. Uliza chuo kina eneo lake la mafunzo au kinaazima. Sokoine, kwa mfano, wana msitu wa mafunzo Olmotonyi karibu na Arusha, na wana Mazumbai kule Usambara Magharibi, msitu wa asili ambao watafiti wanausafiria kutoka mbali. Kwa wa bahari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umuulize maswali yale yale. Majibu mawili yakitofautiana, shika la mwanafunzi.

Kuna njia ambayo naona wazazi wanaidharau bila sababu: kuanza na stashahada. Olmotonyi kuna chuo cha misitu, Pasiansi pale Mwanza kuna chuo cha wanyamapori, na Mweka wenyewe wanafundisha kuanzia astashahada. Kijana anatoka na ujuzi wa mikono, anaweza kuajiriwa, na akitaka shahada mlango uko wazi: stashahada yenye GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Baadhi ya programu huweka masharti juu ya hayo. Wanapojikwaa wengi ni kwenye namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET. Bila AVN mfumo wa chuo kikuu haukutambui, hata ukiwa na GPA ya 4.8. Namba hiyo hutoka baada ya chuo chako kupeleka matokeo, na vyuo vingine huchelewa. Anza kufuatilia siku matokeo ya mwisho yanapotoka, usingoje dirisha la udahili lifunguliwe. Mwenye stashahada ya GPA chini ya 3.0 ana programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Inamwongezea muda, ila ni halali.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, nitausema kwa ufupi, kwa kuwa mwongozo wake hutoka kila mwaka na ni lazima uusome mwenyewe. Mkopo unagawanyika mafungu: ada, chakula na malazi ambalo vijana wanaliita bumu, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mengineyo. Unaweza kupata bumu kamili na ada kidogo, kwa hiyo mzazi asisikie "amepata mkopo" akafunga mkoba. Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 800,000 utakatwa 120,000 kila mwezi. Kinachokwamisha maombi zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohammed, na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ndiyo inayohakiki cheti cha kuzaliwa. Rekebisheni kabla, kwa hati ya kisheria, si wiki ya mwisho. Wazanzibari wana bodi yao ya mikopo pia.

Jambo jingine la bei ambalo halimo kwenye jedwali la ada ni kufeli. Kurudia mwaka ni ada nyingine, chumba kingine, na mkopo haukufuati kirahisi. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Katika kozi hizi takwimu na kemia huwasumbua wanaokuja wakidhani uhifadhi ni kuangalia tembo. Kama hesabu ilikushinda kidato cha nne, jipe miezi hii ya kusubiri uirudie. Pakua na QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, ni ya bure, jifunze kuchora ramani ya kata yako.

Nimeletewa kikaratasi hapa. Anauliza: "Nina D ya Biolojia na D ya Jiografia. Je, nitapata wanyamapori?"

D moja ya kidato cha sita ni alama 2, kwa hiyo una 4, na kiwango cha chini cha kawaida cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya alama 4. Umefika mlangoni. Kupita ni jambo la pili. Chukua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, si wa mwaka jana, ule wa wahitimu wa kidato cha sita. Tafuta kozi, soma safu ya masharti: je, tahasusi yako inakubalika, je, inadai ufaulu wa Kemia au Hisabati kidato cha nne? Kisha soma safu ya idadi ya nafasi. Programu ya nafasi chache itajazwa na wenye alama 9 na 10, kwa hiyo weka moja unayoitamani na mbili zenye nafasi nyingi, tuseme sayansi ya mazingira. Omba kwenye vyuo vyenyewe moja kwa moja, hakuna wakala anayehitajika. Sambamba na hapo omba stashahada. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka. Tumia laini ya simu iliyo mkononi mwako, si ya mjomba aliye safarini, kwa sababu tarehe ya kuthibitisha ikipita bila wewe kuthibitisha, nafasi unaweza kuipoteza.