Mbunge Ndani ya Basi
Mhadhara wa mbunge kwa makocha, wachezaji na wakazi, ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Nairobi

Mwenyekiti, makocha, wazazi, na nyinyi vijana mliotoka mazoezini mkaja moja kwa moja na mabegi yenu, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mambo mawili: wanamichezo wetu wa taifa, na jinsi mwananchi anavyoweza kuifikia serikali yake. Niliisoma mara mbili nikaona ni jambo moja. Naomba turudi Rio, kwenye Olimpiki ya Agosti 2016.

Wengi wenu mnaikumbuka Rio kwa medali. Zilikuwa 13, sita kati yake za dhahabu. Mimi naikumbuka kwa namna habari za matatizo zilivyotufikia hapa nyumbani. Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, alifika uwanja wa ndege hapa Nairobi akakuta hakukatiwa tiketi. Bingwa wa dunia! Hatimaye alisafiri, akarusha mita 88.24, akarudi na medali ya fedha, nasi tukapiga makofi kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya mashindano, kijiji cha Olimpiki kilipofungwa, baadhi ya wachezaji walihamishiwa kwenye malazi duni wakingoja ndege ya kuwarudisha.

Hayo ya malazi tuliyajuaje? Tuliyajua kwa sababu Wesley Korir alikuwa huko. Korir alishinda Boston Marathon mwaka 2012, mwaka uliofuata akachaguliwa mbunge wa Cherangany, na Rio alikwenda kukimbia. Alipoona mahali walipolazwa alipiga picha akaziweka mtandaoni, na nchi nzima ikapata habari. Mambo ya Rio yakafika mpaka mahakamani, na hukumu ya Mahakama ya Kupambana na Ufisadi ikatolewa Septemba 2021, miaka mitano baadaye.

Sasa niambieni, ni timu ngapi za Kenya zina mbunge ndani ya basi? Timu ya ndondi inayofanyia mazoezi kwenye ukumbi usio na taa, je? Wasichana wa voliboli wanaoahidiwa posho "wiki ijayo" tangu mwezi wa pili? Tulipata ukweli wa Rio kwa bahati. Mwenye kiti Bungeni alitokea kuwa na miguu ya kukimbia marathon.

Najua mtu atasema: lakini mheshimiwa, wanamichezo ndio wanaoingia Ikulu kuliko sisi. Kweli wanaingia. Wakishinda. Mwaka 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Rais aliwaahidi Harambee Stars, timu yetu ya taifa, shilingi milioni moja kila mchezaji kwa kila mechi watakayoshinda. Vijana wakaifunga DR Kongo, wakaifunga Morocco, wakaifunga Zambia, na pesa wakapewa. Sina kinyongo hata kidogo. Kwa jinsi walivyocheza na Morocco wakiwa kumi, mimi mwenyewe ningewachangia. Ila hisani ya mkubwa ina tabia moja: hutoka anapotaka, hukoma anapotaka, na aliyepewa hana pa kuuliza. Mchezaji akiumia goti mwaka ujao, ile picha aliyopigwa Ikulu haitamfungulia hata ofisi ya karani wa wizara. Ataambiwa faili haionekani, aje kesho. Nimeona askari wa langoni wakimzuia mtu ambaye sura yake iko kwenye bango la barabarani mita mia mbili kutoka pale.

Lakini mambo yasipopata mlango, hupita dirishani. Novemba 2015 wanariadha walifunga ofisi za chama chao pale Riadha House, karibu na uwanja wa Nyayo, wakidai kuelezwa habari za pesa za udhamini. Magazeti yaliandika kama vurugu. Mimi niliona watu walioishiwa njia ya kuuliza. Na ajabu ni kwamba njia hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye Katiba tangu 2010, Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kuitekeleza ndiyo iliyokawia. Ilitiwa saini tarehe 31 Agosti 2016, siku kumi tu baada ya Rio kufungwa.

Hapa nawaomba mtoe kalamu. Sheria hiyo ya Upatikanaji wa Habari inasema unaweza kuandika ombi lako kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, mzee, umenisikia? Ofisi ina siku 21 kukujibu. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Haikubaliki kukunyima kwa sababu hukueleza unataka habari hizo za nini. Hulipi chochote kwa kuomba. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Wakikunyima au wakikaa kimya, unapeleka malalamiko Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Na vyama vya michezo visijifiche nyuma ya neno "binafsi": chombo binafsi kinachotumia pesa za umma nacho kinaguswa na sheria hii.

Kisha kuna ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa Bunge. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Unaipeleka kwa Karani wa Bunge, au unampa mbunge aiwasilishe. Wengine hunipigia simu saa tano usiku kunieleza malalamiko, na mimi husikiliza, lakini simu haina nambari ya usajili. Karatasi inayo. Ikishasomwa Bungeni inapelekwa kwa kamati, na kamati ina muda maalumu wa kuijibu.

Na mje mketi roshani ya wageni pale Bungeni. Jumatano Bunge la Taifa hukaa saa tatu na nusu asubuhi, kisha saa nane na nusu alasiri; Jumanne na Alhamisi ni alasiri pekee. Beba kitambulisho. Usivae kaptura ya mazoezi, watakurudisha. Nawaambia siri ya kazi yetu: mbunge akiinua macho akaona timu nzima ya mtaa wake imekaa pale juu, hotuba yake hubadilika.

Nimeletewa swali kwenye karatasi. Kocha mmoja anauliza: "Muda huo ukipita na kamati haijasema kitu, tufanye nini?" Swali zuri, na linatuuma sisi wabunge, kwa sababu hutokea. Mbunge yeyote anaweza kusimama na kumtaka mwenyekiti wa kamati atoe kauli mbele ya Spika kuhusu ardhilhali hiyo. Yeyote, hata asiye wa eneo lako. Ninachohitaji ni nambari yake na tarehe iliyosomwa. Kocha, kama unayo hapo ulipo, niandikie nyuma ya karatasi hii hii uniletee mezani. Jumanne nitakuwa ndani ya ukumbi wa Bunge.