Gripi inavyoingia kwenye seli: mhadhara kwa wauguzi, Bukavu

Ndugu wauguzi, karibuni. Mgonjwa amepanda kutoka Kadutu ana homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, anakohoa na mgongo unamuuma. Tuanzie hapo: mgongo unauma kwa nini, wakati kirusi cha influenza, yaani gripi, kwa kawaida hakitoki kwenye njia ya hewa?

Influenza A, aina mojawapo ya kirusi hicho, ina vipande 8 vya RNA, maandishi ya urithi wake. Protini yake ya nje, hemaglutinini, hushika asidi ya siali, sukari iliyo juu ya seli za koo na bomba la hewa. Seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko. Kifuko kikichachuka hadi pH (kipimo cha uchachu) ya 5 hivi, hemaglutinini hubadili umbo, tando mbili huungana, RNA hutoka na kuingia kwenye kiini. Huko ndiko wizi wenyewe: kirusi hukata vichwa vya RNA za seli na kuvipachika kwenye zake, seli ikazisoma kama amri za mwenye nyumba. Virusi vipya vikichipuka, nyuraminidasi, protini nyingine ya kirusi, hukata ile sukari visije vikanasa. Oseltamiviri, dawa ya gripi, huizuia protini hiyo, kwa hiyo ianzwe ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Baadaye faida hupungua.

Seli nayo hailali. RIG-I, protini mlinzi ndani ya seli, hutambua RNA ngeni, interferoni, ujumbe wa tahadhari, hutolewa, seli jirani hujikinga. Lakini kirusi kina protini NS1, inayoificha RNA na kuikaba RIG-I, kikapata siku moja au mbili za kuzaana kimyakimya. Interferoni na saitokini, jumbe nyingine za kinga, zinapofurika, ndipo homa huja na misuli huuma. Maumivu hayo ni kazi ya kinga yenyewe. Seli T, askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa huchukua kama wiki kujaa mapafuni.

Amoksisilini, antibiotiki ya siku ya kwanza tunayoiandika ili mama asirudi mikono mitupu, haigusi lolote kati ya hayo. Ila kirusi kikishaua seli zenye vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu, nyumokoki, bakteria wa nimonia, hushuka hadi mapafuni. Homa iliyokuwa imeisha ikirudi, hesabu pumzi dakika nzima: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hapo antibiotiki ina kazi. Kwa homa, parasetamoli. Aspirini asipewe mtoto mwenye gripi: inaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.