Kumfundisha rubani na wenzake kuruka gizani: ndege za mabomu za Uingereza, 1941–1945

Ndugu wasikilizaji, Agosti 1941 ripoti ya Butt, mtumishi wa serikali ya Uingereza, ilichambua picha zilizopigwa usiku na ndege za mabomu za Uingereza. Kati ya ndege zilizodai kushambulia shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya kilomita 8. Ujasiri ulikuwepo. Kilichowashinda ni upepo.

Mwongoza njia alihesabu kwa mwelekeo, kasi na muda. Akikosea upepo kwa kilomita 30 kwa saa, baada ya saa tatu ndege iko kilomita 90 pembeni. Mchana angeuona mto au reli akajisahihisha; usiku miji yote imezimwa taa. Kwa hiyo alizoeshwa kutafuta mahali ndege ilipo hasa, kupalinganisha na mahali ambapo ingekuwa kama hewa imetulia, kisha kugawa umbali huo kwa muda uliopita. Jibu ndilo upepo. Kifaa cha redio cha kuonyesha mahali ndege ilipo, kiitwacho Gee, kilikuja Machi 1942, lakini Wajerumani walikivuruga, hivyo penseli na ramani havikuwekwa kando.

Rubani naye alianza usiku wake mchana. Vioo vya chumba chake viliwekewa rangi ya kaharabu, naye akavaa miwani ya buluu: nje hakuona kitu, vipimo vilivyo mbele yake alivisoma vizuri, na mwalimu aliyekaa ubavuni bila miwani aliona kote. Hatari kubwa ni kupaa. Ndege inapoongeza kasi, sikio la ndani humdanganya rubani kwamba pua inainuka mno. Akisukuma usukani mbele, anagonga ardhi muda mfupi baada ya kuiacha njia ya kurukia. Lazima aamini vipimo vyake, asiamini mwili wake.

Wapiga bunduki walifundishwa kwamba jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na kwamba tochi moja huharibu yote. Tena kivuli cha adui hutazamwa kwa pembeni, kwa sababu kitovu cha jicho ni dhaifu gizani.

Watu watano wa kila ndege, rubani na wenzake, walichaguana wenyewe ndani ya banda la ndege, uamuzi ninaouona wa busara sana, wakajifunza kwenye Wellington, ndege ya mabomu ya injini mbili. Mhandisi na mpiga bunduki wa pili waliongezwa walipohamia ndege za injini nne. Wellington nyingi za mafunzo zilikuwa zimechakaa vitani. Injini moja ikizima, ilikuwa vigumu kubaki angani. Zaidi ya watu 5,000 walifia mafunzoni.