Gemu imepata 94, sawa, lakini 94 ya nani?

Haya wasee, mambo vipi? Nyinyi wa nyuma mnanisikia ama niongeze sauti? Poa. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi mchana hapa Kisumu na hili joto lote mtu angekuwa Dunga anakula samaki, kwa hivyo sitawaweka sana. Nimeambiwa niongee kuhusu rivyu za magemu, zile maksi zinatoka siku chache kabla gemu iingie sokoni, 9 kwa 10, nyota nne, 94 kwa 100. Wengi wenu mnanijua, mimi naendesha base ya PS pale Kondele, pahali vijana wanalipa kucheza PlayStation, yaani gemu ndio unga wangu, na neno langu leo ni moja. Zile maksi si uwongo, wale wahakiki wanafanya kazi, lakini wanampimia mtu ambaye hachezi vile sisi tunacheza, na kama hujui hiyo utanunua CD ya bei kubwa ikae pale kwa shelfu ikiangaliana na wewe.

Tuanze na hizo namba zinatoka wapi. Kule Japani kuna gazeti linaitwa Famitsu, liko tangu 1986, na mtindo wao ni watu wanne wanacheza gemu moja, kila mtu anatoa maksi zake kwa 10, wanajumlisha inakuwa kwa 40. Gemu ya kwanza kabisa kupata 40 kwa 40 ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, na hiyo ni 1998. Mimi hiyo njia naipenda sana kwa sababu unaona watu wakitofautiana, huyu ametoa 9, mwenzake ametoa 6, unajua hapo kuna maneno, wacha nisome kwa nini.

Sasa 2001 ikaja tovuti inaitwa Metacritic. Hawa wenyewe hawarivyu kitu. Wanakusanya rivyu za wengine, wanazigeuza zote ziwe kwa 100, halafu wanatafuta wastani, na huo wastani si ule wa darasani, kuna magazeti na tovuti wanazipea uzito kuliko zingine, na ni uzito kiasi gani hawasemi. Halafu angalia vile kugeuza kunafanyika. Mhakiki ametoa nyota 3 kwa 5, kwa kichwa chake anamaanisha gemu iko sawa, cheza tu, hapo inaandikwa 60. Mwingine ametoa B minus, inaandikwa 67. Na rangi zao ndio zinanichekesha, filamu inapata kijani kutoka 61, lakini gemu lazima ifike 75. Kwa hivyo filamu ya 65 imepita na gemu ya 65 imewekwa njano, kosa lake ni kuwa gemu! Hapa kwetu mtoto wa Form Four akileta 70 ya hesabu nyumbani, kuku anaanza kuangalia mlango. Kwa gemu ukisema 70 watu wanauliza ni nini kiliharibika.

Na msidhani ni mchezo, hiyo namba inalisha watu na inanyima watu. Fallout: New Vegas ya 2010, ilitengenezwa na studio inaitwa Obsidian, walikuwa na mkataba kwamba gemu ikifika 85 Metacritic wanapata bonasi. Ilipata 84. Point moja omera! Chris Avellone, alikuwa mmoja wa wakubwa pale, ndiye alisema hadharani 2012. Sasa fikiria yule mhakiki mmoja aliamka vibaya akatoa 7 badala ya 8.

Upande ule mwingine pia kuna presha. 2007 mhakiki Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot alitoa 6 kwa Kane & Lynch: Dead Men, wakati huo huo tovuti yao imejaa matangazo ya hiyo gemu kila mahali, na akafutwa kazi. Ilichukua mpaka 2012 ndio akaruhusiwa kueleza wazi kwamba ndiyo, wakubwa wa tovuti walikuwa wamebanwa na wenye matangazo. Mimi simwamini mhakiki ati kwa sababu hajawahi kukosana na mtu, namwamini huyo wa 6.

Tuje nyumbani sasa, hapa ndio nataka tukae.

Mhakiki anacheza aje? Ametumiwa gemu bure kabla itoke, ako kwake, peke yake, konsoli mpya, intaneti inaenda kama maji, na anaharakisha kumaliza hadithi kabla ya ile saa wameruhusiwa kuchapisha. Base inacheza aje? Vijana nane kwa benchi, PS4 mbili ama tatu, nyingine bado ni PS3, pedi moja analogi imelegea, mtu analipa kwa mechi, stima ikipotea tunaanza kubishana nani alikuwa anaongoza. Hizo ni dunia mbili. Chukua The Last of Us Part II, 2020, wahakiki waliipea 93, na ni kazi safi, sibishani na mtu. Lakini ni ya mtu mmoja, masaa na masaa, sehemu kubwa unatazama watu wakiongea wakilia. Nani Kondele atalipa akae aangalie hiyo na wengine saba nyuma yake wanaguna? Kwangu hiyo ni sifuri, na sifuri yangu na 93 yao zote ziko sawa.

Kwanza hiyo gemu ilionyesha pia vile maksi za watumiaji, zile wachezaji wa kawaida wanaweka Metacritic, zinaweza kukosa maana kabisa, kwa sababu masaa machache tu baada ya kutoka ilimwagiwa masifuri na watu ambao hata kama wangecheza bila kulala hawangekuwa wameimaliza. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka sheria ungoje masaa 36 ndio uandike.

Sasa geuza upande. FIFA, ile gemu ya mpira ya kampuni ya EA, siku hizi inaitwa EA Sports FC tangu 2023. Kila mwaka wahakiki wanaandika kitu kile kile, hakuna jipya, Ultimate Team, ile ya kununua kadi za wachezaji ujenge timu, inakamua watu pesa, shika 7 yako uende. Na wanasema ukweli! Lakini Ultimate Team ni ya onlaini, kwa base hatuigusi, sisi ni Kick Off, mechi ya kawaida, wewe chukua Arsenal mimi nachukua Madrid, weka pesa mezani. Kile kilikuwa kipya na kizuri kwetu wao walikipitia haraka, kama FIFA 19 ilipoleta zile sheria za nyumbani, kuna moja ukifunga bao mchezaji wako anatolewa nje, kuna nyingine refa hayuko kabisa. Manze hiyo ya bila refa ilileta watu mpaka barabarani.

Lakini pia kuna siku mhakiki alitusaidia sana. Wakati konsoli inazeeka, EA walikuwa wanatoa kitu wanaita Legacy Edition, gemu ni ile ya jana, wamebadilisha jezi na majina ya wachezaji. Kwa PS3 ziliendelea mpaka FIFA 19. Kwa Nintendo Switch zikaendelea, na FIFA 21 ilipotoka tovuti ya IGN waliipea 2 kwa 10 na wakachapisha tena maneno ya rivyu ya mwaka uliopita, kwa sababu gemu yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita. Hiyo ndio rivyu bora nimewahi kuona. Mtu wa base ya PS3 akisoma hiyo anajua hakuwa na haja ya kununua CD kila mwaka, angekaa na moja na ile tofauti akanunua pedi.

Na PES je, ile gemu ya mpira ya Konami, nasikia mtu wa PES hapo. PES 2021 iliitwa Season Update, wahakiki wakalalamika ni ile ya 2020 imeguswa kidogo tu, sawa. Lakini kwa PS4 ile gemu inakubali uchukue faili kwa flash disk uingize, ukaweka jezi na nembo na majina sahihi ya timu ambazo Konami hawana leseni. Kwa base hiyo ni dhahabu, na huwezi kuiona ndani ya namba. Halafu Septemba 2021 wakaleta eFootball badala ya PES, ya bure, na ikatukanwa dunia nzima kwa sababu ya zile nyuso za wachezaji, mpaka Konami wakaomba msamaha. Mimi nyuso hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni CD imeondoka, lazima udaunlodi, na timu za kucheza wawili pale nyumbani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Kuna kitu kingine, maksi hazikui na gemu. Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019, wahakiki wakaisifu, na kwa base ni tamu kwa sababu watu wanne wanacheza kwa skrini moja. Agosti, rivyu zote zimeshachapishwa, ndio wakaweka mambo ya kununua vitu kwa pesa halisi. Zile maksi za Juni ziko pale pale. Na kubwa kuliko zote ni Cyberpunk 2077, Desemba 2020, wahakiki walipewa ya kompyuta pekee, wakatoa maksi tamu, watu wa PS4 wakanunua wakapata gemu inakwama, inazima, magari yanaota kutoka hewani. Sony wakaitoa kwa duka lao ikarudi Juni 2021. Ile maksi ya kijani haikuwa ya PS4, na ilikuwa imeandikwa hapo juu kabisa ni ya PC, watu hawakuangalia.

Kwa hivyo mimi nikifungua rivyu, namba naiona mwisho. Natafuta imechezwa kwa konsoli gani, natafuta kama kuna skrini ya kugawanya, natafuta neno apdeti na ni GB ngapi, kwa sababu apdeti ya GB 40 kwa bando yangu ni bei ya mashati mawili. Rivyu ikiwa haina hata moja ya hizo, ikiwa ni hadithi na muziki na hisia, ni nzuri kusoma lakini haijaandikiwa mimi.

Maswali sasa. Ndiyo, dada pale.

Anauliza, basi gemu ya hadithi haiwezi kuingia base kabisa? Inaweza, iko moja. It Takes Two ya 2021, ilishinda gemu ya mwaka kule The Game Awards, na huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka, lazima pedi mbili, skrini imegawanywa karibu mwanzo mpaka mwisho. Wahakiki waliipenda na hapa tulikubaliana nao mia kwa mia. Niko na wapenzi fulani wanakuja Jumapili jioni wanaendelea pale walisevu, wakikosana kidogo wanaweka pozi, wakipatana wanaendelea. Hao lakini nawachaji kwa saa, siwezi kuwachaji kwa mechi.