Banyani, Shamba na Daftari

Assalaam alaykum, na wenzetu wasio Waislamu, hamjambo.

Naanza na methali ileile. Mlionisikia mwaka jana nistahamilini. Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Watu huitoa kuthibitisha kwamba Unguja, watu wa dini mbalimbali, tuliishi kwa mapenzi na kuvumiliana. Mapenzi gani? Mtu anatukanwa, kisha anaendewa! Lakini haidanganyi.

Kuanzia miaka ya 1830 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu wa Kutch. Seyyid Said, sultani wetu, Muislamu wa madhehebu ya Ibadhi, alifariki mwaka 1856 akiwa na deni kwao. Mfalme anadaiwa na mkusanya ushuru wake. Haya, niambieni, nani hapo alimvumilia mwenzake?

Mtauliza: na riba? Hapo ndipo utamu ulipo. Mwenye shamba la karafuu anataka fedha, riba ni haramu. Basi wanaandikiana bei khiyari. Anamuuzia Mhindi shamba, tuseme kwa reale 500, fedha ya zama zile, kwa sharti kwamba akizirudisha shamba ni lake. Papo hapo analikodi shamba lake mwenyewe. Hiyo kodi ndiyo riba, imevishwa kanzu. Anayeuza anajua, anayenunua anajua, na aliyeandika hati anajua, na mkono wake hautetemeki.

Bibi yangu alikuwa na deni kwa Banyani wa duka la nguo. Siku ya Idi alimpelekea nazi mbili na chane ya ndizi, maana chakula kilichopikwa jikoni kwetu yule mzee, Mhindu, alikuwa hakili. Bibi hakununa. Alikaa akichagua ndizi moja moja, yenye doa anaiweka kando. Jioni kikaja kifurushi cha halua ya kwao. Asubuhi bibi akapita dukani kuchungulia daftari: halikupungua hata senti.

Msiseme nawasifu. Mashamba yaliyowekwa rehani yalikuwa mengi hata mwaka 1934 serikali ya Waingereza ikaweka sheria kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiende kwa wadai. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakagomea biashara ya karafuu. Na mtumwa je? Yeye hakukopa wala hakukopesha. Aliandikwa ndani ya daftari pamoja na minazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wagoa na Waparsi, niliowaandalia kurasa tano, watanisubiri tena kama mwaka jana. Maswali sasa, yule bwana wa nyuma anayeuliza kila mara kuhusu Mapinduzi ya 1964, aanze yeye.