Tabia ya Paka ni Taarifa ya Afya Yake

Wazee wetu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliokuja na paka wenu vikapuni, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Mimi ni daktari wa mifugo, na malalamiko ninayoletewa hapa Dar es Salaam kuhusu paka yanafanana mno: paka amekojoa kitandani, paka amekuwa mkali, paka amejificha uvunguni hataki kutoka, paka anasusa chakula kwa kudeka. Mwenye paka huja akiomba dawa ya kurekebisha tabia, ilhali mara nyingi mnyama wake anahitaji vipimo, kwa sababu kile kinachoitwa utovu wa adabu huwa ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa, na pengine ndiyo dalili pekee mtakayoiona kabla hali haijawa mbaya.

Jambo hili lina asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama ambaye hadi leo anaishi katika mbuga na mapori ya Tanzania. Huyo huwinda peke yake, na kwa udogo wake yeye pia huwindwa. Hana kundi la kumlinda siku anapougua, kwa hiyo akionesha unyonge anajitangaza kuwa kitoweo. Paka wenu wa Sinza au Mbagala amerithi usiri huo, ingawa adui yake mkubwa sasa ni pikipiki. Hatalia wala hatachechemea mbele yenu mpaka maumivu yamzidi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye paka aijue ratiba ya paka wake: anakula kiasi gani, anakunywa wapi, anakojoa mara ngapi, analala mahali gani, anajilamba kwa bidii au ameacha manyoya yakafumana. Paka mzee aliyeacha kurukia ukuta huenda viungo vinamuuma, na yule aliyeanza kunywa maji mengi huku akikonda anahitaji kupimwa figo na sukari.

Nianze na mkojo, maana hapo ndipo tunapopoteza paka wengi ambao wangeweza kupona. Paka anayekojoa nje ya sanduku lake la choo huenda ana uvimbe au mawe kwenye kibofu, naye amejifunza kuuhusisha mchanga wa sandukuni na maumivu, hivyo anatafuta mahali pengine laini, na kitanda chako ni laini. Ukimpiga, unamwongezea hofu, na hofu yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayochochea maradhi ya kibofu cha paka. Hatari kubwa zaidi iko kwa dume, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni nyembamba na huziba kwa urahisi. Mkimwona dume anaingia sandukuni mara kwa mara, anachuchumaa, anajikamua, analia, na mchanga unabaki mkavu, msidhani amefunga choo na msimpe mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Mkojo ukizuiwa, figo hushindwa kazi, madini ya potasiamu hupanda katika damu na moyo unaweza kusimama. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo aletwe siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku au sikukuu.

Kinga inaanza na maji. Kwa kuwa mababu zake walizoea nchi kavu, paka hana kiu ya haraka, na mkojo wake huwa mzito hata katika joto letu hili la Januari na Februari. Wekeni mabakuli zaidi ya moja, mbali na chakula na mbali na choo, na chakula chenyewe kiongezwe maji. Masanduku ya choo yazidi idadi ya paka kwa moja. Mchanga wa kawaida au maranda ya mbao yanafaa, mradi uchafu uondolewe kila siku, kwa sababu paka ana kinyaa kuliko wengi wetu.

Kuhusu chakula, nasikia mara nyingi kwamba paka halishwi, aachwe akamate panya. Wengi wenu mnaifahamu hadithi ya Mtume Muhammad kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki. Leo hata kumwachia kuna hatari yake, kwa kuwa panya wa mitaa yetu wamelishwa sumu inayouzwa kando ya kila barabara, na nyingine kati ya sumu hizo huzuia damu kuganda hata kwa paka aliyemla panya huyo. Paka ni mla nyama hasa. Anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama, moyo na samaki, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba upungufu wake hudhoofisha misuli ya moyo wa paka. Ugali uliolowekwa mchuzi hauwezi kumtosha, na mchuzi huo una kitunguu, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu yake. Dagaa waliochemshwa pamoja na supu yao isiyo na chumvi ni chakula kizuri, kwa sababu sehemu ya taurini huyeyukia kwenye supu, lakini wasiwe ndiyo mlo wake pekee. Matumbo ya samaki kutoka soko la Feri yapikwe kwanza, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maziwa huwaharisha wengi. Na paka mnene aliyesusa kula kwa siku mbili au tatu si wa kusubiriwa anyenyekee. Mafuta ya mwili wake yanaweza kujaa kwenye ini na kumuua.

Sasa dawa za binadamu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kusafisha baadhi ya kemikali ambazo sisi na mbwa tunazimudu. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, kilichotolewa kwa huruma kabisa, kinatosha kumuua paka mkubwa: fizi hugeuka rangi ya udongo au buluu, uso huvimba, pumzi humwia nzito. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini humtia paka mitetemeko na degedege. Muuzaji wa duka la pembejeo akikuambia kwamba ya mbwa ni ileile, upunguze tu kipimo, usikubali.

Kuhasi nitakugusia kwa ufupi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba huchukua takriban siku 65. Dume asiyehasiwa hurusha mkojo ukutani, hupigana na huambukizwa maradhi kwa kung'atwa. Hiyo kweli ni tabia, na upasuaji huipunguza sana.

Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Mtu aking'atwa au akiparuzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali mara moja, na paka huyo asiuawe, bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Nimeulizwa na mama mmoja kabla hatujaanza kama binti yake mjamzito amtupe paka. Hapana, mama yangu. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vinapotoka na kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo sanduku lisafishwe kila siku na mtu mwingine, na binti aepuke nyama isiyoiva na kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri, ambazo huambukiza watu wengi zaidi kuliko paka wa ndani.

Mkimleta paka kwa daktari, mtieni katika kapu lenye mfuniko na matundu, mlifunike kwa khanga, kwani paka aliyepakatwa mikononi ndani ya bajaji huponyoka kwenye foleni. Akionesha tabia isiyo ya kawaida nyumbani, mrekodini kwa simu kabla ya kuja, kwa sababu akifika mezani kwangu atatulia kama mzima. Andikeni lini alikula mara ya mwisho, lini alikojoa, na dawa yoyote aliyopewa, hata ile mnayoona aibu kuitaja. Sasa nakaribisha maswali, tukianza na wale walio na paka humu ukumbini.