Beringi Ina Uso: Taa ya ABS na Mkungu wa Mama

TUMPE: Kabla ya yote, Lusajo. Mkungu wa mama uko wapi?

LUSAJO: Nitaufikia.

TUMPE: Wiki nzima ananiuliza mimi. Akipiga simu, salamu haijaisha, "ndizi zangu je?"

LUSAJO: Ndizi zimechelewa kwa sababu ya gari, kwa hiyo nianze na gari. Wasikilizaji, mnakumbuka ule muungurumo wa tairi la mbele kushoto la gari langu. Nikifika 60 unaanza, nikikata kona ya kulia unazidi.

TUMPE: Kona ya kulia uzito unalalia kushoto. Nilikwambia ni beringi, ile pete ya gololi inayobeba tairi.

LUSAJO: Ulisema. Ijumaa nikanunua beringi Mwanjelwa, Mbeya, shilingi 60,000, nikampelekea fundi. Natoka pale gari kimya kabisa, nimefurahi. Sijafika hata Kabwe, taa ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki, ikawaka, na ile ya gari linaloteleza ikafuata. Nikarudi. Fundi akasema, "Itazima yenyewe kaka, kompyuta inazoea spea mpya."

TUMPE: Hapana. Hapo ndipo watu wanapotezwa. Kompyuta haizoei kitu isichokiona. Ile beringi yako ina uso. Upande mmoja, kwenye sili yake, kuna pete ya sumaku imefichwa ndani ya mpira. Ukiiangalia hivi hivi utadhani ni mpira tu. Tairi likizunguka, ncha za sumaku zinapita mbele ya sensa, sensa inahesabu, kompyuta inajua tairi hili linakwenda mwendo gani. Ukiigeuza beringi, sumaku inatazama nje kwenye habu, kile kitovu cha tairi, na sensa iko ndani inasubiri.

LUSAJO: Na beringi inaingia vizuri tu ikiwa imegeuzwa.

TUMPE: Inaingia, inazunguka, haipigi kelele. Kwa fundi aliyejifunzia magari ya zamani kazi imekwisha. Gari likianza kutembea, kompyuta inaona matairi matatu yanazunguka na moja limesimama. Inajitoa, inakuwashia taa.

LUSAJO: Ndicho tulichokiona Jumatatu. Tulichomeka mashine ya kupimia, ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, ya sensa ya mbele kushoto. Fundi mwingine angeninunulisha sensa papo hapo.

TUMPE: Kodi inakutajia kona ya gari, haikutajii kifaa kibovu. Inaweza kuwa sensa, waya, pete, hata vumbi la chuma lililonata kwenye sumaku. Ndiyo maana nilikwambia tuendeshe na mashine ikiwa imechomekwa.

LUSAJO: Mwendo wa 30. Matairi matatu yanasoma 30, la mbele kushoto linasoma sifuri. Tukapima umeme kwenye soketi ya sensa, volti 12 zipo. Waya haujakatika, haujabanwa.

TUMPE: Na hatukuipima sensa yenyewe kwa omu, yaani ukinzani wa umeme, kwa sababu hizi mpya zina elektroniki ndani, kipimo hicho hakikwambii kitu. Kilikuwa cha zile za zamani za koili. Tukafungua. Tukatafuta sumaku kwa pini ya karatasi: upande wa sensa, haishiki. Upande wa nje, ikashika kidogo.

LUSAJO: Nilisikitika. Maana kuitoa ni kuiua.

TUMPE: Presi ikiisukuma inapitishia nguvu kwenye gololi, beringi imekwisha. Unanunua nyingine.

LUSAJO: Sasa ndizi. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, na shangazi alikuwa ananisubiri Tukuyu na mikungu miwili.

TUMPE: Nilijua tutafika hapa. Ulikwenda Tukuyu taa ikiwaka?

LUSAJO: Nilikwenda. Taratibu.

TUMPE: Kupitia Isyonje? Ukungu ule, mvua ile?

LUSAJO: Tumpe, breki zilikuwepo. Pedali ngumu, mafuta ya breki yamejaa, taa nyekundu ya breki haikuwaka. ABS ikijitoa zinabaki breki za kawaida, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Watu wameteremka barabara ile miaka mingi na magari yasiyo na ABS.

TUMPE: Mguu wao ulijua. Mzee alikuwa akiteremka mlima Kitonga na lori, gia ndogo anaiingiza juu kabisa kabla mteremko haujaanza, breki anaigusa na kuiachia. Mguu wako wewe umezoea kukanyaga mpaka chini, kompyuta ikuachilie na kukubania mara kadhaa kwa sekunde. Siku ng'ombe anatokea kwenye ukungu utakanyaga vilevile. Tairi litajifunga, na tairi lililojifunga kwenye lami yenye maji halisikilizi usukani.

LUSAJO: Ndiyo maana nilikwenda 40, kwenye gia ya 2. Sikufika mahali pa kukanyaga.

TUMPE: Hilo hulipangi wewe. Na Jumamosi ulikuwa hujui tatizo ni nini! Ingekuwa pete imepigwa nyundo ikapasuka, sensa inasoma na kuruka, taa inaweza isiwake kabisa. Unakaribia kusimama, mwendo wa kumi hivi, kompyuta inadhani tairi limejifunga, inaachia breki. Pedali inatetemeka, gari linasogea.

LUSAJO: Lakini yangu iliwaka. Ikiwaka imejitoa, haigusi breki zangu.

TUMPE: Na ile nati kubwa ya ekseli? Mkono uliogeuza beringi, uliuamini kwamba umeikaza kwa kipimo chake? Isipokazwa sawasawa beringi mpya inakufa mapema.

LUSAJO: Nati niliikagua mwenyewe.

TUMPE: Kwa macho.

LUSAJO: Kwa spana, dada. Shangazi ana miaka 74, alikata ndizi Ijumaa, amekaa nazo barazani. Nisiende?

TUMPE: Ungepanda basi.

LUSAJO: Na mikungu miwili?

TUMPE: Ndiyo, na mikungu miwili! Watu wanapanda nayo kila siku pale stendi.

LUSAJO: Mimi naona nilipima hatari nikaenda nayo kwa adabu. Kesho ikitokea vilevile nitakwenda.

TUMPE: Mimi nasema ulipima kitu usichokijua. Sikubaliani na wewe, na msikilizaji anayekaa Tukuyu au Kiwira asikufuate.

LUSAJO: Haya. Tuliahidi maswali matano ya kumuuliza fundi kabla hajagusa beringi.

TUMPE: Dakika mbili zimebaki, mwenye chumba anagonga mlango. La kwanza: "Fundi, upande wa sumaku ni upi?" Akuoneshe kwa pini kabla beringi haijaingia kwenye presi. Pini ya karatasi haina bei.

LUSAJO: La pili, habu isafishwe kutu pale diski inapokaa, diski isije ikayumba, ukasingizia ABS kumbe...

TUMPE: Hatuwezi kumaliza. Simu yangu hiyo. Ni mama.

LUSAJO: Mwambie mkungu uko kwenye buti, nje hapo.

TUMPE: Shikamoo mama. Ndiyo, ninaye hapa. Anasema upo. Mmoja, mama. Mikungu ilikuwa miwili... Lusajo, wa pili uko wapi?